Binti Anayecheza Kikapu Ulaya: Mwongozo Kamili wa Njia ya Chuo cha Marekani na Mpira wa Kulipwa

Mzazi mwenzangu, binti yako ana miaka 15 au 16, anachezea klabu ya mji mnaoishi hapa Ujerumani, na jioni moja amerudi kutoka mazoezini akakwambia anataka kwenda kucheza kikapu chuoni Marekani, kisha acheze mpira wa kulipwa. Ukiuliza watu, kila mmoja ana jibu lake. Mmoja atasema apige video nzuri, mwingine atasema mtafute wakala, wa tatu atasema ni ndoto za watoto wa wenye nazo.

Miaka ninayowasindikiza mabinti wa klabu kwenye mechi imenionyesha jambo moja. Safari hii ikiharibika, huharibikia hapa hapa nyumbani, mwaka au miaka miwili kabla ya ndege. Huharibikia kwenye alama za darasa la tisa, kwenye mkataba mdogo uliosainiwa bila kuuliza, na kwenye pasipoti ambayo hakuna aliyeikumbuka. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na karatasi, na mpira unafuata. Nimechukua Ujerumani kuwa mfano kwa sababu ndiko ninakokujua. Ukiwa Ubelgiji, Sweden au Uholanzi, mambo ya shule yatakuwa tofauti kidogo, lakini ya upande wa Marekani ni yale yale.

Kwanza, zijueni barabara zote mbili

Chuo siyo njia pekee. Tazama mabinti wawili waliovaa jezi ya taifa ya Ujerumani. Satou Sabally alitoka Berlin akaenda Chuo Kikuu cha Oregon mwaka 2017, akacheza misimu mitatu, na mwaka 2020 Dallas Wings wakamchagua wa pili katika drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani. Leonie Fiebich hakwenda chuo cha Marekani kabisa. Alichaguliwa mwaka huo huo wa 2020, lakini wa 22, akaendelea kucheza Ulaya na kukomaa Hispania, na mwaka 2024 ndipo alipoingia WNBA na New York Liberty. Msimu huo huo wa kwanza akawa bingwa. Mwenzake katika kikosi hicho alikuwa Nyara Sabally, mdogo wake Satou, ambaye naye alipitia Oregon. Barabara mbili, kombe moja.

Tofauti kubwa ya barabara hizi iko kwenye umri. Mchezaji wa nje ya Marekani ambaye hajasoma chuo huko anaweza kuingia drafti mwaka anaotimiza miaka 20. Aliyecheza chuo cha Marekani anafuata kanuni ya Wamarekani, yaani awe anatimiza miaka 22 mwaka huo au awe amemaliza masomo. Katika drafti ya mwaka 2025, Mfaransa Dominique Malonga alichaguliwa wa pili, Justė Jocytė wa Lithuania wa tano, na Ajša Sivka wa Slovenia wa kumi. Wote watatu walitoka moja kwa moja kwenye klabu za Ulaya.

Usiharakishe kusema basi chuo cha nini. Hao watatu walikuwa wakicheza na watu wazima wangali wadogo. Jiulize kwa ukweli: binti yangu, akiwa na miaka 17, anapata dakika katika timu ya kwanza ya wanawake, au anacheza U18 (chini ya miaka 18) tu? Kama ana dakika za kweli katika ligi kuu na klabu inamlea vizuri, kubaki Ulaya ni wazo zito. Kama hana, chuo kitampa miaka minne ya mazoezi ya kila siku, madaktari, chumba cha vyuma na shahada mkononi. Kwa mabinti wengi niliowaona, mimi ningechagua chuo, na sababu yangu ni shahada. Mwaka 2025 WNBA ilikuwa na timu 13, kila moja wachezaji 12 kwa wingi, yaani nafasi 156 kwa dunia nzima.

Hatua ya kwanza: masomo, kuanzia darasa la tisa

Vyuo vinavyocheza mashindano makubwa viko chini ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, yenye madaraja matatu. Division I ina timu za wanawake zaidi ya 350 na ndiyo yenye fedha nyingi. Division II hutoa ufadhili pia, mara nyingi wa sehemu. Division III haitoi ufadhili wa michezo, lakini chuo kinaweza kumsaidia mwanafunzi kwa masomo yake au kwa hali ya familia. Kuna pia NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na vyuo vya miaka miwili vinavyoitwa JUCO, ambavyo ni daraja zuri kwa binti ambaye Kiingereza au alama bado havijakaa sawa. Vyuo vya Ivy League kama Harvard viko Division I ila havitoi ufadhili wa michezo. Vinaangalia kipato cha familia, na kwa familia yenye kipato kidogo msaada huo unaweza kuwa mkubwa kuliko ufadhili wa mpira kwingineko. Temi Fagbenle, aliyekulia London, alianzia Harvard kabla ya kuhamia USC (Chuo Kikuu cha Southern California) na kufika WNBA.

Kabla ya kocha yeyote kumpokea, kitengo cha NCAA kiitwacho Eligibility Center lazima kiseme anastahili. Kwa Division I wanataka masomo 16 ya msingi kuanzia darasa la tisa, na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao, ambapo 4.0 ndiyo ya juu. Division II ni 2.2. Mgawanyo wa Division I uko hivi: lugha miaka minne, hesabu mitatu, sayansi miwili, mwaka mmoja wa ziada katika mojawapo ya hayo, masomo ya jamii kama historia na jiografia miaka miwili, kisha minne mingine ya kitaaluma, na humo ndimo lugha za kigeni zinamoingia. Kwa binti anayesoma Ujerumani, Kijerumani ndicho kinachohesabiwa mahali pa Kiingereza. Mazoezi ya viungo, muziki na sanaa ya kuchora havihesabiwi, hata awe na alama bora kuliko darasa zima.

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Tunadhani kinachotazamwa ni cheti cha mwisho, Abitur, na kwamba binti akijitutumua mwaka wa mwisho mambo yatakaa sawa. Wao wanafungua ripoti za kila mwaka tangu la tisa. Hesabu aliyoipuuza akiwa na miaka 15 kwa sababu alikuwa safarini na timu itamngoja kwenye faili. Muda nao unahesabiwa: wanatarajia amalize sekondari kwa miaka ya kawaida ya mfumo wa nchi yake. Akirudia darasa, au akienda mwaka wa kubadilishana Marekani halafu akarudi nyuma mwaka, kocha anayemtaka aambiwe mapema.

Fanyeni haya akiwa darasa la kumi. Fungueni akaunti yake kwenye tovuti ya Eligibility Center. Kuna ukurasa wa bure wa kuanzia, na wa kulipia mtaufungua chuo kikishaonyesha nia. Tunzeni kila Zeugnis, yaani ripoti ya shule, nakala asili ya Kijerumani, na mtafute mtafsiri aliyeapishwa mahakamani wa kuzitafsiri kwa Kiingereza mstari kwa mstari. Usitafsiri mwenyewe, hata kama Kiingereza chako ni safi. NCAA iliacha kudai SAT, mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani, tangu Januari 2023, lakini baadhi ya vyuo vimeurudisha kwa wanafunzi wao wote, kwa hiyo ulizeni chuo kwa chuo. Mtihani wa Kiingereza, TOEFL, IELTS au ule wa Duolingo, hauepukiki katika vyuo vingi. Aufanye mapema, ili akishindwa mara ya kwanza awe na nafasi ya pili.

Hatua ya pili: fedha anazopokea klabuni

Sehemu hii isomeni mara mbili, mama na baba wote.

Huku Ulaya hakuna ukuta kati ya mpira wa watoto na mpira wa kulipwa. Binti wa miaka 17 anafanya mazoezi Jumanne na U18 ya ligi ya vijana, WNBL, na Alhamisi yuko na timu ya wanawake yenye Wamarekani wanaolipwa mshahara. Klabu inampenda, inampa karatasi asaini, na humo kuna kiasi kidogo kila mwezi. Familia inafurahi, na ina haki ya kufurahi.

NCAA haimkatazi kucheza pamoja na wanaolipwa. Inachotazama ni alichokipata yeye. Kipimo chao cha miaka mingi ni gharama halisi na za lazima: nauli, malazi, chakula cha safari, vifaa, ada ya mazoezi. Ikizidi hapo, inaanza kuitwa mshahara, na mchezaji wa ridhaa anaanza kuonekana wa kulipwa. Anaweza kusimamishwa mechi kadhaa, kutakiwa kurejesha fedha, au kufungiwa mlango. Kanuni hizi zimelegezwa sana miaka ya karibuni na zinabadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo someni za mwaka wenu, wala msitegemee alichoambiwa binamu wa jirani.

Kwa vitendo ni hivi. Kabla ya kusaini chochote na klabu, mwambieni kiongozi wa timu waziwazi kwamba binti anafikiria chuo. Klabu nyingi zimeshakutana na jambo hili na zitaandika mkataba unaotaja gharama badala ya mshahara. Wekeni daftari: tarehe, kiasi, kilikuwa cha nini, risiti iko wapi. Miaka miwili baadaye ataulizwa timu zote alizochezea na kila alichopokea, na hakuna atakayekumbuka nauli ya Novemba.

Wakala naye ana hatari yake. Kusaini na wakala wa kumtafutia timu ya kulipwa kabla ya chuo kunaweza kumharibia. Kampuni za kuwatafutia vijana vyuo ni jambo jingine, zinaruhusiwa, mradi malipo yake ni kiasi maalumu kilichokubaliwa mwanzoni. Ikitaka asilimia ya ufadhili atakaoupata, au ilipwe akishachukuliwa tu, ondokeni mezani. Nimeshuhudia familia ikilipa maelfu ya euro kwa kazi ambayo binti mwenyewe angeimaliza kwa wikendi nne, akiwa na kompyuta na orodha ya vyuo. Bado inaniuma.

Jambo la mwisho hapa ni muda baada ya shule. Kwa utaratibu uliozoeleka Division I, mchezaji wa kikapu hupewa mwaka mmoja tangu amalize sekondari. Akipita hapo huku akicheza mechi za mashindano, anaanza kupoteza misimu ya chuo. Mwaka wa mapumziko uwe na sababu.

Hatua ya tatu: aonekane

Makocha wa Marekani huja Ulaya wakati wa kiangazi. Wanakaa kwenye mashindano ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ya U16, U18 na U20, yenye madaraja A, B na hata C kwa baadhi ya umri. Binti akiitwa timu ya taifa, hata ya daraja B, ataonwa na watu wengi zaidi kuliko kwa kampuni yoyote. Asipoitwa, kazi inabaki kwenye video na barua pepe, na wengi wamepita hapo.

Video iwe fupi, dakika tatu au nne. Namba ya jezi ionyeshwe mwanzoni. Waanze na anachokifanya vizuri kuliko vyote, si kikapu cha mbwembwe alichofunga mara moja. Watie na ulinzi, maana kocha anataka kuona miguu yake anapomkaba mwenye kasi, na anavyorudi nyuma baada ya kupoteza mpira. Msiweke muziki wa kelele. Pamoja na hiyo, viungo vya mechi mbili nzima zisizokatwa, moja dhidi ya timu ngumu, hata kama walifungwa. Kocha mzoefu hutazama kifupi kwa dakika moja, akivutiwa anafungua mechi nzima, na hapo anaona binti anavyokaa benchi, anavyompokea mwenzake aliyekosea, anavyotembea akiwa amechoka.

Barua aiandike yeye mwenyewe. Mzazi usiandike kwa jina lake, wanajua. Mambo yaende kwa mpangilio huu:

1. Jina, mwaka wa kuzaliwa, nchi, klabu, na mwaka atakaomaliza shule.
2. Urefu wake bila viatu. Usiongeze sentimita tatu. Atapimwa siku ya kwanza.
3. Nafasi anayocheza, na takwimu za msimu huu kwa kutaja ligi.
4. Wastani wa shule na alama ya Kiingereza, na kueleza kwamba Ujerumani 1 ndiyo alama ya juu. Mmarekani akiona 1.7 bila maelezo anaweza kudhani binti amefeli.
5. Sentensi mbili za kwa nini chuo hicho, zinazoonyesha ametazama mechi zao kweli.
6. Viungo vya video, na barua pepe na simu ya kocha wake wa klabu.

Aandikie vyuo 40 au 50 vya ngazi mbalimbali, na kila timu amwandikie kocha msaidizi, kwa kuwa ndiye anayefanya kazi ya kusaka wachezaji. Kocha wa Division I ana kipindi ambacho haruhusiwi kujibu, kwa kawaida mpaka karibu na kuanza kwa darasa la 11, kwa hiyo kimya cha mtoto wa miaka 15 hakimaanishi hapana. Baada ya hapo, wiki sita bila jibu zina maana. Atume ya pili yenye mechi mpya, na wasipojibu tena aendelee mbele.

Chuo kidogo si aibu. Lou Lopez Sénéchal, aliyekulia Grenoble, alianzia Fairfield, chuo ambacho hakitajwi sana kwenye runinga. Alicheza huko miaka minne, akamaliza shahada, akahamia UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) kwa mwaka mmoja, na mwaka 2023 alichaguliwa wa tano katika drafti. Kule Fairfield alipata dakika. Huyo ndiye mfano ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu unajibu swali la familia nyingi: jina kubwa na benchi, au jina dogo na uwanja?

Hatua ya nne: ofa ikifika, ulizeni haya

Tangu makubaliano ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo wa vyuo dhidi ya NCAA, yalipopitishwa Juni 2025, mambo yamegeuka. Zamani timu ya wanawake ya Division I ilikuwa na nafasi 15 za ufadhili kamili, na kila aliyepewa alipewa wote. Sasa, kwa vyuo vilivyojiunga na mfumo mpya, 15 ni idadi ya wachezaji, na ufadhili unaweza kugawanywa. Ile barua ya zamani ya kujifunga na chuo ilifutwa Oktoba 2024, na kinachosainiwa sasa ni makubaliano ya msaada wa fedha. Neno la kocha kwenye simu halina uzito mpaka liwe kwenye karatasi hiyo.

Muulizeni, na binti ndiye aulize, ninyi mkiwa pembeni: ufadhili ni kamili au sehemu? Unagusa karo, chumba, chakula, vitabu na bima ya afya? Nauli ya kurudi nyumbani Krismasi? Mihula ya kiangazi imo? Ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote? Akipasuka kano ya goti, jambo linalowapata wasichana kuliko wavulana, nani atalipa upasuaji na ufadhili utabaki? Ni wachezaji wangapi wa nafasi yake watakuwepo? Wangapi waliondoka mwaka jana, na kwa nini? Akiitwa timu ya taifa Novemba katikati ya msimu, ataruhusiwa?

Kisha muombe namba ya mchezaji wa Ulaya aliyepo au aliyepita hapo, na binti aongee naye peke yake. Dakika 20 za mazungumzo hayo zina thamani kuliko ziara nzima ya kutembezwa uwanjani.

Hatua ya tano: pasipoti na viza

Familia zetu zina jambo ambalo jirani Mjerumani halijui. Ubalozi wa Marekani hauulizi umekulia wapi, unauliza pasipoti gani umeshika. Juni 2025 Marekani ilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, na Desemba mwaka huo Tanzania ikaongezwa kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi, kuanzia Januari 2026. Binti aliyezaliwa Hamburg lakini bado ana pasipoti ya Tanzania anaguswa. Mwenye uraia wa nchi mbili akiomba kwa pasipoti ya nchi isiyo kwenye orodha haguswi.

Ujerumani imeruhusu uraia pacha tangu Juni 27, 2024. Kenya inauruhusu tangu Katiba ya 2010. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi nyingine, kwa hiyo kuchukua wa Ujerumani maana yake ni kuacha ule wa nyumbani. Huo ni uamuzi mzito wa familia, bibi na babu wakiwemo, na haufanywi wiki ya viza. Maombi ya uraia Ujerumani huchukua miezi mingi. Mkianza akiwa na miaka 16, mtakuwa na nafasi ya kuongea. Faida nyingine ni kwamba ligi nyingi za Ulaya zina kikomo cha wachezaji wa nje, na pasipoti ya Ulaya itamfaa akirudi kutafuta timu.

Viza yenyewe ni F-1, ya mwanafunzi. Chuo kinatoa fomu ya I-20 inayothibitisha kwamba amepokelewa, mnalipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, mnajaza DS-160, fomu ya maombi ya viza, mnalipa ada ya viza dola 185, kisha usaili katika ubalozi au ubalozi mdogo. Tangu katikati ya 2025 waombaji hutakiwa kufungua kurasa zao za mitandao zionekane na wote, kwa hiyo aipitie akaunti yake mapema. Angalieni tarehe ya kuanza kwenye I-20. Haruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe hiyo, na timu nyingi huanza mazoezi ya kiangazi Juni au Julai. Ikiandikwa Agosti, atakosa kiangazi chote. Mwambieni kocha msaidizi alisimamie hilo.

Hatua ya sita: akiwa huko

Wakati wa msimu kanuni inaweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki, lakini safari na matibabu huongeza. Mwezi wa kwanza atapiga simu akilia. Msikimbilie kumwambia arudi.

Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yao, NIL, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwagawia mapato moja kwa moja. Mwenye F-1 yuko kwenye hali tofauti, kwa sababu viza hiyo inabana sana kazi. NCAA kumruhusu hakumaanishi uhamiaji umemruhusu, na kosa la uhamiaji linaweza kumtoa nchini. Asisaini tangazo, hata la duka la viatu la mjini, kabla hajaenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni na kupata jibu la maandishi.

Kodi nayo huwashtua wengi. Sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula hutozwa kodi, na kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye F-1 chuo hukata asilimia 14, isipokuwa mkataba wa kodi kati ya Marekani na nchi yake unamwondolea. Ujerumani ina mkataba kama huo. Aulize ofisi ya fedha wiki ya kwanza, na kila mwaka ajaze fomu ya kodi ya 1040-NR hata kama hakupokea mshahara.

Kuhama chuo siku hizi ni rahisi, na tangu 2024 anayehama hakai nje msimu mzima mradi masomo yako sawa. Dorka Juhász, Mhungaria kutoka Pécs, alicheza Ohio State kisha UConn, na Minnesota Lynx wakamchukua mwaka 2023. Mwenye F-1 akihama lazima rekodi yake ya SEVIS ihamishwe pia, na masomo aliyokwisha kufanya yapokelewe kule aendako. Yote mawili yaulizwe kabla hajatangaza anaondoka.

Hatua ya saba: mpira wa kulipwa

Msimu wa mwisho ukiisha mwanzoni mwa Aprili, drafti iko kama wiki moja mbele. Kuchaguliwa si kupata kazi. Mwaka 2025, hata aliyechaguliwa wa kwanza, Paige Bueckers, alikuwa na mshahara wa dola 78,831, na wengi wa raundi ya pili na ya tatu hukatwa kambini. Viza pia inabadilika kutoka ya mwanafunzi kwenda ya kazi. Nika Mühl wa Zagreb, aliyecheza UConn miaka minne na kuchaguliwa wa 14 na Seattle Storm mwaka 2024, alikosa mechi za mwanzo akisubiri karatasi hizo.

Kwa mabinti wengi kazi halisi iko Ulaya: Ujerumani, Ufaransa, Hispania, Italia, Uturuki, na juu kabisa EuroLeague Women, ambayo USK Praha waliitwaa 2025. Hapa sasa wakala anahitajika. Hakikisheni ana leseni ya FIBA. Ada ya kawaida ni asilimia 10, na mara nyingi klabu ndiyo inayoilipa, jambo ambalo liandikwe.

Kwenye mkataba wa kwanza, kabla ya kutazama mshahara, tafuteni tarehe za malipo, nani analipa kodi, nyumba na gari, na kama mshahara unaendelea akiumia. Kisha tafuteni kifungu kinachotaja BAT, mahakama ya usuluhishi ya kikapu yenye makao Geneva. Klabu isipolipa miezi mitatu, kifungu hicho ndicho kitakachomwezesha kudai bila kufungua kesi katika nchi asiyoijua lugha yake, na klabu inayokaidi hukumu ya BAT inaweza kuzuiwa na FIBA kusajili wachezaji. Kama hakipo, mwambieni wakala akiweke, na kalamu ibaki mezani mpaka karatasi mpya ifike.